Sheria na Kukomaa Kiroho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hujirudia katika madarasa ya kipaimara, katika mafundisho ya wakatekumeni, na zaidi ya kote pale nje ya kanisa watu wakishatoka ibadani. Maneno ya Biblia yaliyonukuliwa ni ya Union Version. Jibu likitegemea jingine, tumetaja namba ya swali badala ya kurudia.

## Mambo ya msingi

1. "Sheria" inayozungumziwa ni ipi hasa?

Neno hili moja limebebeshwa mizigo minne, na ugomvi mwingi huanzia hapo. Kwanza kuna Torati, yaani vitabu vitano vya Musa, ambamo walimu wa Kiyahudi wamehesabu amri 613: 248 za kutenda na 365 za kutotenda. Pili, Amri Kumi peke yake. Tatu, sheria ya kanisa fulani, kama vile Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983 yenye kanuni 1752, au katiba ya dayosisi. Nne, desturi ambazo hazijaandikwa popote lakini kila mtu anazijua: nani asivae nini, nani asionekane wapi.

Paulo anapotaja sheria katika Warumi na Wagalatia, mara nyingi anamaanisha Torati. Kwa hiyo mtu anayechukua neno lake kwamba hatuko chini ya sheria bali chini ya neema (Warumi 6:14) akalitumia kukataa ukaguzi wa hesabu za usharika, amelituma neno mahali ambapo halikutumwa. Kabla ya kubishana, ulizaneni mnaongelea mzigo upi kati ya hiyo minne.

2. Kukomaa kiroho ni nini? Ni kukaa muda mrefu katika wokovu?

Hapana. Walioandikiwa Waebrania walikuwa wamekaa muda mrefu, na ndiyo maana wanakemewa: kwa muda uliopita walipaswa kuwa walimu, lakini bado wanahitaji maziwa. Aliyekomaa anaelezwa katika Waebrania 5:14 kuwa ni mtu mzima ambaye akili zake "kwa kutumiwa, zimezoezwa kupambanua mema na mabaya". Kuzoezwa huko ni kama kwa mpishi anayejua chumvi imetosha bila kupima kwa kijiko. Hakuzaliwa na ujuzi huo, na aliunguza sufuria kadhaa njiani.

Neno la Kigiriki hapo ni *teleios*, lilelile ambalo katika Mathayo 5:48 limetafsiriwa "wakamilifu". Ukamilifu huo si kukosa doa lolote. Ni kufikia kimo, kama embe lililoiva.

Karama nazo si kipimo. Wakorintho hawakupungukiwa na karama yoyote (1 Wakorintho 1:7), lakini sura mbili mbele Paulo anawaita watoto wachanga. Ushahidi anaoutoa ni husuda na fitina. Hakuangalia wamevunja amri ngapi. Aliangalia wanavyoishi pamoja.

3. Torati ni "kiongozi" kwa maana gani?

Wagalatia 3:24 inasema torati "imekuwa kiongozi kutuleta kwa Kristo". Msomaji wa leo akisikia kiongozi anamwona mwenyekiti au mchungaji, na maana inapotea. Neno la asili ni *paidagogos*. Huyu alikuwa mtumwa katika nyumba za Wagiriki na Warumi, aliyekabidhiwa mtoto wa kiume tangu umri wa miaka 6 au 7 hivi mpaka balehe. Alimsindikiza shuleni, alimbebea vitu, alimfundisha adabu za mezani na za barabarani, na fimbo hakuiacha nyumbani. Mwalimu alikuwa mtu mwingine kabisa. Tafsiri zinazosema "mlezi" zinakaribia zaidi.

Kuna makosa mawili hapa. La kwanza ni mtu mzima kuendelea kushikwa mkono na mlezi na kujisifu kwa hilo. La pili ni kumdharau mlezi, kana kwamba alichofundisha kilikuwa uongo. Kijana aliyefundishwa kutojitupa mbele ya magari ya farasi hakuanza kujitupa siku mlezi alipoondoka. Fundisho lilibaki, fimbo ikaenda zake.

Wasomaji wa Pwani wana faida moja. Wagalatia 5:1 husema "katika ungwana huo Kristo alituandika huru", na kumwandika mtu huru ndiyo lugha iliyotumika kwa mtumwa aliyeachwa na bwana wake. Barua nzima inazunguka picha hiyo: mrithi aliyekuwa mtoto chini ya mawakili, sasa amefikia umri wa kukabidhiwa mali.

4. Yesu aliitangua sheria au aliiacha kama ilivyo?

"Sikuja kutangua, bali kutimiliza" (Mathayo 5:17). Baada ya hapo anachukua mambo 6, kuanzia kuua mpaka kumpenda adui, na kila moja analisukuma kutoka mkononi hadi moyoni: kutoka kuua hadi hasira, kutoka kuzini hadi macho. Mzigo haukupungua. Yule kijana tajiri wa Mathayo 19 alikuwa ameshika amri tangu zamani, na bado akaambiwa "ukitaka kuwa mkamilifu" kuna jambo moja zaidi. Amri zilimfikisha mlangoni, akaondoka kwa huzuni.

## Zipi bado zinashikwa?

5. Kwa nini tunashika "usiibe" lakini tunavaa nguo ya kitani iliyochanganywa na sufu?

Jibu la kawaida hugawa Torati mara tatu: sheria za maadili, za ibada (dhabihu, vyakula, tohara) na za kiraia (mahakama na adhabu za taifa la Israeli). Thomas wa Akwino aliupanga mgawanyo huu katika karne ya 13, na Ungamo la Westminster la 1646, sura ya 19, linaufuata. Za maadili zinabaki. Za ibada zimetimia katika Kristo. Za kiraia zilikwisha na taifa lile, ingawa haki iliyo ndani yake bado inafundisha.

Mgawanyo huu unafaa, ila ujue ni chombo cha wasomaji. Torati yenyewe haikubandika vibandiko. Walawi 19:18 inasema umpende jirani yako kama nafsi yako, na mstari unaofuata tu unakataza nguo ya nyuzi mchanganyiko. Anayedai kwamba kila amri ina lebo wazi hajaisoma sura hiyo kwa mfululizo.

6. Baraza la Yerusalemu liliamua nini, na je, vyakula vyenye damu kama kisusio na mutura vinaruhusiwa?

Katika Matendo 15, karibu mwaka 49, mitume na wazee waliamua kwamba waamini wasio Wayahudi hawatatahiriwa. Waliwapa mambo 4 ya kujiepusha nayo: vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, damu, vilivyosongolewa, na uasherati. Mambo hayo yanafanana na yale ambayo Walawi 17 na 18 inamtaka mgeni anayekaa kati ya Waisraeli ayashike. Yaliwezesha Myahudi na asiye Myahudi kukaa meza moja.

Kuhusu damu, makanisa yamegawanyika. Waadventista Wasabato na Wapentekoste wengi huikataa moja kwa moja. Katika makanisa ya Magharibi, tangu siku za Augustino, fundisho lililoenea ni kwamba katazo hilo lilikuwa la wakati ule, meza ilipokuwa na Wayahudi na mataifa pamoja. Hivyo Mkatoliki au Mlutheri anayekula kisusio Moshi au mutura Nairobi havunji sheria ya kanisa lake. Ila kama mezani kuna ndugu ambaye dhamiri yake inakataa, nenda swali la 11.

7. Jumamosi au Jumapili?

Waadventista husema Sabato ilitangulia Musa (Mwanzo 2:2–3), imo katika Amri Kumi, na Wakolosai 2:16 inahusu sikukuu za mwaka. Wengine hujibu kwamba Wakolosai wanataja sabato bila kubagua, na kanisa la kwanza lilikusanyika siku ya kwanza ya juma (Matendo 20:7). Mabishano haya ni ya zamani na hayataisha kwenye ukurasa huu. Kwa upande wa ukomavu, Warumi 14:5 inaweka sharti ambalo pande zote hulisahau: "kila mtu na athibitike katika akili zake mwenyewe". Anayeshika siku kwa sababu jirani anamtazama bado hajathibitika, siku yoyote ile.

8. Fungu la kumi ni lazima?

Watu wengi hawajui kwamba Torati ina zaka za aina zaidi ya moja. Hesabu 18 huwapa Walawi, ambao hawakuwa na ardhi. Kumbukumbu la Torati 14:22–27 inaamuru zaka iliwe na mtoaji mwenyewe na nyumba yake, kwa furaha, mbele za Bwana. Mistari miwili inayofuata inataka kila mwaka wa tatu zaka iwekwe malangoni kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Agano Jipya haliwapangii mataifa asilimia. Linataka kuweka akiba kwa utaratibu (1 Wakorintho 16:2) na kutoa bila kulazimishwa (2 Wakorintho 9:7).

Asilimia 10 inafaa sana kama mlezi. Mtu anayepokea shilingi 400,000 akitenga 40,000 siku ya mshahara, kabla ya matumizi, anajifunza kwamba fedha hazimtawali. Zoezi huharibika katika njia mbili. Moja ni kuligeuza kuwa biashara na Mungu: natoa 40,000 nirudishiwe 400,000. Nyingine Yesu aliikemea kwa jina la Korbani (Marko 7:9–13), yaani kumnyima mzazi haki yake kwa kisingizio kwamba kilichokuwepo kimewekwa wakfu. Kama dawa za mama hazijanunuliwa, bahasha haiwi ushahidi wa ukomavu. Mathayo 23:23 inawataja watu waliolipa zaka hata ya mnanaa, bizari na jira wakaacha "adili, na rehema, na imani".

## Kanuni na kukua

9. Kama niko chini ya neema, mbona kanisa linanipa kanuni?

Kwa sababu mtoto hukua kwa ratiba kabla ya kukua kwa hiari. Makanisa yenye uzoefu wa miaka mingi yanalijua hili na hata sheria zao zina umri. Katika Kanisa Katoliki, sheria za kikanisa hazimfungi aliye chini ya miaka 7. Kuacha nyama huanza akitimiza miaka 14. Kufunga kwa Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu humhusu mtu kuanzia miaka 18 hadi anapoingia mwaka wa 60. Na kanuni ya mwisho kabisa, ya 1752, inamalizia kwa kukumbusha kwamba wokovu wa roho za watu ndiyo sheria iliyo kuu.

Watawa Wabenedikto, ambao Tanzania tunawajua kwa Peramiho na Ndanda, huishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6, yenye sura 73. Katika sura ya mwisho mwandishi anaiita kanuni ndogo ya wanaoanza. Baada ya kupanga saa za kusali, chakula na hata vipimo vya divai, anasema hiyo ni hatua ya kwanza tu!

Walutheri wana njia yao. Katekisimo Ndogo ya 1529 huanza na Amri Kumi, na maelezo ya Luther hayaishii kwenye katazo. Chini ya "usiue" mtoto wa kipaimara hufundishwa pia kumsaidia jirani katika kila hitaji la mwili wake. (Angalizo la namba: kwa Wakatoliki na Walutheri hiyo ni amri ya 5, kwa Waanglikana, Wareformed na Waadventista ni ya 6. Watu wameshatukanana bure juu ya "amri ya sita".) Mwanafunzi aliyekariri amri bila maelezo amebeba nusu ya mzigo, na hiyo nusu ndiyo inayodumaza.

10. Nitajuaje kama kanuni inanikuza au inanidumaza?

Chukua kanuni moja, mfano kufunga Ijumaa, na uiendeshe hivi. Andika kwanza sababu yake kwa sentensi moja. Ukishindwa, muulize mchungaji au katekista kabla ya kuanza. Ishike kwa muda wenye mwisho, mfano siku 40 za Kwaresima. Chakula kilichookolewa kipe mahali pa kwenda, kama Isaya 58:7 inavyotaka: mkate kwa mwenye njaa. Kisha muda ukiisha waulize wanaoishi nawe, maana wewe mwenyewe ni shahidi mbovu. Je, umekuwa mpole zaidi au mkali zaidi? Mfungaji anayegombeza watoto kuanzia saa 10 jioni anahitaji kupunguza saa, si kuongeza.

Dalili za kudumaa ni tatu. Unaanza kuhesabu nani mwingine hafungi. Una maisha mawili, ya ibadani na ya simu. Ukiikosa siku moja unaogopa adhabu kuliko unavyojuta kumkosea mtu. Paulo alishaonya kwamba amri za "msishike, msionje, msiguse" zina sura ya hekima lakini haziwezi kuzuia tamaa za mwili (Wakolosai 2:21–23). Kanuni hubana mkono. Kilicho moyoni hutafuta dirisha.

## Kati ya ndugu

11. Nani "dhaifu" na nani mwenye nguvu?

Wengi huduwaa hapa. Katika Warumi 14 dhaifu wa imani ndiye mwenye makatazo mengi: anakula mboga tu, anashika siku. Mwenye nguvu ndiye anayejua vyakula vyote ni safi. Lakini Paulo hamwachii huyu wa pili ajitambe. Anayekula asimdharau asiyekula. Asiyekula asimhukumu anayekula. Na wa kurudi nyuma ni mwenye nguvu, kwa sababu ndiye anayeweza.

Mfano wa kila wiki ni bia. Makanisa mengi ya Afrika Mashariki yaliyoguswa na Uamsho, ule uliotoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, huona kuacha pombe kuwa alama ya aliyeokoka. Mkatoliki anayekunywa glasi moja harusini havunji amri yoyote. Ila akiwa na rafiki aliyetoka kwenye ulevi mwaka jana, soda ndiyo kinywaji cha mtu mzima.

12. Basi mtu yeyote akikwazika lazima niache?

La. Tofautisha anayeweza kuanguka na anayetaka kutawala. Paulo mwenyewe alimtahiri Timotheo (Matendo 16:3) ili wafanye kazi kati ya Wayahudi, lakini Tito hakumtahiri (Wagalatia 2:3–5), kwa sababu pale kulikuwa na watu wanaodai tohara kama sharti. Kitendo ni kilekile, majibu mawili. Anayemkwaza mlevi wa jana ameumiza dhamiri. Anayekataa kuamriwa na mzee wa kanisa kwamba suruali ya bintiye itamnyima ubatizo analinda injili. Jiulize swali moja: nikifanya hili, huyu ataiga na kuanguka, au atanuna tu?

13. Mtu akianguka, nidhamu iendeje?

Mathayo 18:15–17 ina hatua: wewe na yeye peke yenu, kisha shahidi mmoja au wawili, kisha kanisa. Hatua ya kwanza ndiyo inayorukwa, na habari hufika kwa wazee kabla mhusika hajaulizwa. Wagalatia 6:1 inataja pia nani atumwe: "ninyi mlio wa Roho mrejezeni upya mtu kama huyo kwa roho ya upole". Kurejeza ni kazi ya waliokomaa. Asiyejiangalia nafsi yake asipewe.

Katika sharika nyingi utaratibu wa kutengwa na Meza ya Bwana na kurudi kundini umekuwa ukimwangukia zaidi msichana mwenye mimba, huku kijana mhusika akiendelea kuimba kwaya. Hiyo ni sheria inayoona tumbo tu. Baraza likishindwa kuwaita wote wawili, lisimwite mmoja.

## Hali za pembeni

14. Mwenye wake wawili anayeokoka afanyeje?

Hapa sheria na huruma hugongana vibaya. Mkutano wa Lambeth wa 1888 wa Waanglikana ulikataa kumbatiza mume wa mitala. Ule wa 1988, katika azimio la 26, uliruhusu abatizwe na kupewa kipaimara pamoja na wake na watoto wake walioamini, kwa masharti: aahidi kutooa tena maadamu wake hao wako hai, jumuiya ya Waanglikana mahali hapo ikubali, na asilazimishwe kuwafukuza wake zake kwa sababu ya taabu watakayoipata. Kanisa Katoliki (kanuni 1148) humtaka abaki na mke mmoja, lakini wengine wahakikishiwe matunzo. Kosa kubwa kwa upande wowote ni kumfukuza mwanamke na watoto wakiwa mikono mitupu, kisha kukiita kitendo hicho utakatifu.

15. Nina vidonda vya tumbo. Nikila siku ya mfungo nimetenda dhambi?

Hapana, ugonjwa unakuondolea wajibu. Kwa Wakatoliki, hata saa 1 ya kufunga kabla ya Komunyo haihesabu maji wala dawa, na paroko anaweza kukupa ruhusa kwa sababu ya haki. Waorthodoksi wana maneno mawili: *akribeia*, kushika kwa ukamilifu, na *oikonomia*, kulegeza kwa ajili ya wokovu wa mtu. Anayeamua ni baba wa kiroho. Usijilegezee kimyakimya, wala usijikaze mpaka utapike damu. Unaweza kufunga kitu kingine, mfano kusema watu.

16. Ndugu anasema Roho amemvusha juu ya amri zote. Tumjibuje?

Si jambo jipya. Johann Agricola, mwanateolojia Mjerumani, alibishana na Luther kuhusu hili karne ya 16. Muulizeni kuhusu tunda, si ufunuo. Wagalatia 5:22–23 inaorodhesha upendo, furaha, amani na mengine, kisha inasema juu ya mambo kama hayo hakuna sheria. Uhuru upo pale. Kama aliyevushwa anatongoza wake za watu au hataki kuonyesha hesabu za fedha, hajavuka amri, bado hajazifikia.

17. Nimeacha kanuni za kanisa langu la zamani, lakini dhamiri bado inanishtaki. Nilazimishe?

Usilazimishe. Warumi 14:23 inasema lisilotoka katika imani ni dhambi, hata kama chakula chenyewe ni safi. Dhamiri iliyofunzwa miaka 20 haibadiliki kwa hubiri moja. Soma kwanza sababu (maswali ya 5 na 6), zungumza na mtu aliyepita njia hiyo, na subiri. Kama bado unatetemeka mbele ya sahani ya kitimoto, omba kuku.